Sidonie Yuko Ukurasa wa Ngapi?

Kwa miaka yote ambayo Bénie alikuwa anakua, bibi yake Hélène alikuwa na shauri moja tu juu yake, na halikuwa shauri la ndoa wala la utawa. Alitaka mtoto akue, asome, kisha amalizie kitabu cha babu yake. Basi. Wenzake walipokuwa wakiwaombea wajukuu kazi katika kampani kubwa, nyumba ya matofali ya kuchoma na ndege ya kwenda Ulaya, Hélène alipiga magoti kanisani, katika mtaa wa Panda mjini Likasi, akaomba zile kurasa za mwisho ambazo marehemu Alphonse hakuzifikia.

Kitabu chenyewe ukikiona utacheka. Hakina jalada, hakina jina, mgongo wake umeshonwa kwa uzi wa viatu. Kilichapwa zamani na mapadri kwa Kiswahili bora, kile cha vitabuni, na Alphonse alikiazima kwenye maktaba ya klabu ya wafanyakazi, siku zile klabu ilipokuwa klabu. Leo ukiingia mle utakuta watu wanabeti mpira. Vitabu vilikwenda kwa wauza karanga, ukurasa kwa ukurasa, na kwa muda fulani Panda nzima ilitafuna karanga huku inasoma habari nusunusu. Hiki kilipona kwa sababu Alphonse hakukirudisha.

Alphonse alikuwa mtu wa kiwandani, kwenye tanuru za shaba, zamu ya asubuhi. Mchana akirudi alinawa, akala, akavuta kiti uani, akakohoa kidogo, khm, akafungua kitabu. Hélène alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Yeye kusoma hakujua. Wanawake wa kambi ya wafanyakazi, kampani iliwafundisha kushona, kufuma na kuoka keki, na herufi zikaachiwa waume. Kwa hiyo mume alisoma na mke akatwanga, na habari ikifika pabaya mchi ulisimama hewani. Ndiyo maana sombe ya nyumba ile ilichelewa kuiva kuliko zote mtaani. Majirani walijua. Walisema, wakimwita kwa jina la mwanawe, "Kwa Mama Blaise bado banasoma," wakacheka.

Habari ilikuwa ya kijana mmoja, Leonsi, mtia makaa wa gari la moshi, anayemtafuta ndugu yake aliyepotelea migodini. Lakini Leonsi alikuwa wa nini! Hélène alishikwa na Sidonie. Sidonie aliuza bukari, ugali wetu, na samaki kwenye stesheni ambapo gari la moshi lilisimama kunywa maji. Alikuwa na mdomo, alikuwa na kiburi, na akikasirika aliipiga teke sufuria yake mwenyewe, kisha akaiokota akiipangusa kwa huruma. "Mwanamuke gani huyu!" Hélène alikuwa akisema, mchi mkononi. "Anamupenda muntu na anamutukana!" Alphonse alicheka ndani ya masharubu, akaendelea.

Siku ya mwisho walimwacha Sidonie amesimama stesheni. Amegombana na Leonsi, wamenuniana, vyombo vyake amevifunga ndani ya kitenge. Gari la moshi limeingia, Leonsi yumo, anamtazama, na haijulikani kama mwanamke atapanda aende naye au atageuka arudi kwao. Hapo Alphonse akachomeka kijiti cha kiberiti kati ya kurasa, akafunga. "Kesho," akasema. Asubuhi alishindwa kuinuka. Ni kifua, madaktari walisema, vumbi la miaka mingi. Alilala hospitalini bila neno hadi alipokwenda, na ile kesho yake Hélène anaingoja mpaka leo.

Mtu atauliza, kwani Likasi nzima hakukuwa na mwingine wa kumsomea? Alijaribu, maskini. Mwanawe Blaise anaendesha lori la madini, leo Kolwezi, kesho mpakani. Alikishika kile kitabu mara moja, kwa vidole viwili, akasema, "Mama, kitabu haikulishaka muntu," akakirudisha. Katekista naye alisoma nusu ukurasa kwa sauti ya matangazo ya misa. Hélène alimshukuru, akampa chai, akakificha kitabu chini ya godoro. Hakutaka sauti yoyote tu. Alitaka sauti ya damu ile. Na Bénie, tangu angali mdogo wa kubebwa, kabla ya kutamka neno lolote la maana alikohoa kidogo, khm, vilevile. Hélène alimsikia, akaamua kungoja.

Mwaka huu ndipo Blaise akamleta binti amalizie darasa la mwisho la sekondari kwa bibi yake. Alifika na begi, sare ya bluu na nyeupe, na telefone ambayo hata chooni walikwenda pamoja. Hélène alimpa siku chache za kuzoea. Halafu alasiri moja, sombe ikiwa kinuni, akamvutia kiti.

"Mbanda wangu," akasema, kwa maana kwetu mjukuu wa kike ni mke mwenza, tunagombania naye bwana mmoja. "Weye unasoma, si vile?"

"Ninasoma, nkambo," Bénie akamjibu bibi yake. "Niko mu sixième."

"Bon. Soma hii. Tangu pa kijiti."

Bénie akakipokea kitabu, akakigeuza huku na huku kama anatafuta pa kukiwashia. "Yote hii?"

"Yote hiyo."

"Mais nkambo… sisi tunasoma, lakini hatusomaka bitabu."

Hélène alidhani masikio ndiyo yameanza kuzeeka. Maana kwa Kiswahili chake, na cha kila mtu wa Likasi, kusoma ni kusoma. Mtoto anayekwenda shule anasoma, na mtu aliyefungua kitabu anasoma, neno ni hilohilo moja, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba linaweza kupasuka katikati. Mara ngapi amesimama sokoni akijisifu, "Mujukulu wangu anasoma!" Kumbe alikuwa anajisifia nusu ya neno.

"Sasa munasomaka nini?"

Bénie alimweleza polepole, kwa upole, asije akamtisha. Mwalimu anatuma masomo kwenye grupu. Wao wanayafungua kwenye telefone. Ukishindwa unaiuliza programu, nayo inakujibu kwa kifupi, hata mtihani unapita. Kitabu kizima kina kazi gani? "Angalia, nkambo. Ni dakika moja, na mega za intaneti ninazo."

Akapiga picha ukurasa wenye kijiti, akapiga wa katikati, akapiga wa mwisho, akabofya. Hélène hakuwa hata ameinua mchi.

"Voilà. Leonsi anamupata ndugu yake, iko mugonjwa, kisha anapona. Banarudia ku mugini kwabo. Leonsi anaoa Katarina, binti ya katekista. Mwisho. Ni muzuri, hein?"

Yesu Maria! Miaka yote ile amekizunguka kitabu hata kukipangusa vumbi anaogopa, na sasa mwisho wake umemwagwa uani kama maji ya kuoshea vyombo. Hélène akauweka mchi chini.

"Na Sidonie?"

"Sidonie njo nani?"

"Uliza hiyo kintu yako."

Bénie akauliza. Akasubiri. "Inasema haimujui."

"Haimujui! Inajua Katarina, ambaye sijamusikia hata siku moja, na haimujui Sidonie! Hiyo telefone yako ni muongo. Weka pembeni. Soma na kinywa."

Akasoma. Mama yangu, kusoma gani kule! Darasani ni Kifaransa, nyumbani ni Kiswahili cha Likasi, na kitabu kilikuwa na Kiswahili chake peke yake, kimevaa suti na tai. "'Akam… akamwe… akamwendea…' Nkambo, hii ni Kiswahili ya wapi?" Alikwenda kama mtu anayetembea pekupeku juu ya kokoto. Ukurasa mmoja ulikula alasiri nzima, na ulipoisha hakuna aliyejua nani amefanya nini.

Lakini msichana ana kichwa kigumu, ukoo ule hawajambo kwa hilo. Kesho yake alirudi mwenyewe, akakaa, akafungua. Labda ilikuwa aibu. Labda ni kwa sababu mvua zilichelewa, maji yakapungua kwenye bwawa la Mwadingusha, umeme ukawa wa kubahatisha na telefone ikazimika mchana kutwa. Vyovyote iwavyo, alisoma. Ulimi ukaanza kulainika. Akaanza kupumzika penye nukta. Akaanza kukasirika Leonsi alipodanganywa, akagonga ukurasa kwa kidole, "Mujinga huyu, anaamini nini!" Baba yake akapiga simu kutoka barabarani kuuliza, "Mama, mutoto anasoma?" Hélène akajibu kwamba anasoma sana. "Muzuri," Blaise akasema. "Asome, asipoteze wakati na bitabu."

Furaha aliyokuwa nayo Hélène siku zile hakuwa ameionja tangu afiwe, na ilikuwa furaha yenye kuuma. Alitwanga polepole asikose neno. Akifumba macho, kile kikohozi kidogo kilimrudishia masharubu, ndala za mpira, harufu ya sabuni ya kiwandani. Kila stesheni ambapo gari la moshi lilisimama, moyo wake ulisimama nalo. Hapa. Hapa ndipo Sidonie atatokea na kitenge chake. Wauza samaki walikuwapo, hawana majina, wanatajwa na kuachwa. Gari likanywa maji, likaenda zake. Hélène alijiambia, bado, ni stesheni ya mbele.

Wakafika mwisho. Leonsi na Katarina, kengele za kanisa, ndugu aliyepona amesimama kando anashukuru. Bénie akafunga kitabu, akavuta pumzi, akangoja sifa.

"Umeruka," Hélène akasema.

"Nimeruka nini?"

"Kurasa. Umeniona minye mujinga. Umemuruka Sidonie ili umalize mbio, urudie ku telefone yako."

"Nkambo!" Bénie alisimama. "Sijaruka hata neno moja! Koo yote imenikauka juu ya huyu Leonsi wako, na unaniita mwizi!"

Akaingia ndani, akatoka na telefone. Akaketi chini kwenye saruji, machozi yanamlenga, akaanza ukurasa wa kwanza kabisa. Akapiga picha kitabu kizima, ukurasa kwa ukurasa, bila kumsemesha mtu. Hélène alimtazama tu. Angefurahi mtoto aache, lakini mdomo wake haukuwa na mazoea ya kuomba radhi. Mwisho Bénie akaandika jina, huku akitamka kila herufi kwa sauti kama mwalimu wa chekechea. Akamgeuzia bibi yake kioo. Palikuwa na kiduara kimoja tu.

"Hiyo njo nini?"

"Zero, nkambo. Mu kitabu yote. Sidonie haiko hata mara moja."

"Soma mwanzo," Hélène akasema, na safari hii sauti ilitoka ndogo.

Bénie akasoma mwanzo. Kulikuwa na mlima, na misheni, na mama yake Leonsi anaagana naye kwa sala. Lakini kwa Alphonse habari ilianza Sidonie akimfokea dereva wa gari la moshi kwa sababu ya masizi yaliyoingia ndani ya bukari yake! Hélène aliikumbuka alasiri ile, alivyocheka hadi akauangusha mchi. Sasa akasikiliza hadi ukurasa ukaisha. Hakuna masizi. Hakuna bukari. Kumbe mzee alikuwa anatia chumvi! Kumbe macho yalikuwa kitabuni na kinywa kilikuwa kinakwenda kwake. Yule mwanamke anayemngoja miaka yote hajawahi kuchapwa popote. Mwisho wake haumo katika kurasa, haumo katika mashine ya mtu yeyote. Ulikuwa kichwani mwa Alphonse, na Alphonse wamemfukia. Hélène aliona anafiwa mara ya pili, na safari hii hakuna hata matanga, maana ungewaambia nini watu?

Bénie alipomwona analia hasira yote ikamwishia. Akasogea, akamshika goti.

"Ngoja, nkambo. Usilie. Programu inajua kutunga. Weye uniambie Sidonie alikuwa namna gani, minye naandika yote, na itatupatia mwisho yake sasa hivi. Mwisho ya muzuri."

Hélène alitaka kukataa. Mashine itamjuaje Sidonie? Lakini msimcheke; aliyengoja kiasi kile hata makombo hupokea kwa mikono miwili. Akajipangusa kwa ncha ya kitenge.

"Andika," akasema. "Ni mwanamuke wa kiburi. Akikasirika anapiga sufuria yake teke, kisha anaiokota. Bwana anamupenda, lakini anamutukana mbele ya bantu bote."

Vidole gumba vya Bénie vilikuwa vinakimbia.

"Akinuna hasemi. Anatia chumvi mara mbili mu mboga, bwana akule ajue. Radi ikipiga anaogopa, lakini anasema anaenda tu kufunga madirisha. Akicheka anafunika kinywa na mukono, kwani iko na pengo hapa pembeni. Na mu usingizi anaita jina ya dada yake mudogo, ule alikufaka mu maji. Asubuhi ukimuuliza, anakana."

Vidole vilikuwa sasa vinatembea. Halafu vikasimama.

"Mbona hauandike?"

"Nkambo." Bénie alikuwa anamtazama mdomoni. "Nkambo, huyu ni weye."

"Wapi!" Hélène akafoka. "Upuuzi gani! Minye niko na kiburi? Nani amekuambia niko na kiburi?" Aliyasema hayo akiwa ameinama, anaokota beseni ambalo mguu wake umetoka kulirusha mpaka ukutani. Bénie hakucheka. Angecheka ingekuwa afadhali.

Hélène akakaa na beseni mapajani. Ilimjia taratibu, na hakuitaka. Dada aliyezama mtoni, ni nani Likasi alimjua zaidi ya Alphonse? Na ile wiki ya mwisho. Walikuwa wamegombana, juu ya nini hata hakumbuki, na yeye akatangaza kwamba anakwenda zake kwao, Kambove. Alifunga nguo ndani ya kitenge, akakiweka mlangoni, kikakaa pale kila mtu akikipita. Hawakusemeshana asubuhi, hawakusemeshana jioni. Alasiri tu ndiyo Alphonse alivuta kiti chake uani kama kawaida, na yeye akaleta kinu, kwa maana kusomewa hakukuhesabiwa kuwa mazungumzo.

"Alifunga kitabu bila kusema kintu?" Bénie akauliza. "Alisema tu kesho?"

"Aliniuliza."

"Alikuuliza nini?"

Alphonse aliinua macho kutoka kitabuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya akiwa anasoma. Alimtazama yeye, akatazama kile kitenge pale mlangoni, akamtazama tena. Na yeye alidhani mzee amepoteza mstari.

"Aliniambia, 'Mama Blaise, huyu Sidonie, weye unaona namna gani? Apande, ao arudie kwao?'"

"Na weye?"

"Nilimujibu, 'Si weye njo unasoma? Minye nitajua nini?'"

Bénie aliilaza telefone kifudifudi kwenye saruji. Nje ya ua, jirani alikuwa anamwita mtoto wake achote maji. Sombe ilikuwa kinuni vilevile, haijapondeka. Hélène akakitazama kile kiti cha Alphonse, kitupu sasa, kisha akaegemeza mchi ukutani, akajiweka sawa kitenge, akanyoosha mgongo kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Apande," akasema, na hakuwa anasema na Bénie. "Unasikia, Baba Blaise? Minye nasema apande."

Akangoja mzee aendelee kusoma.